Poka ya mtandaoni: Kwa nini masoko ya ng'ambo hayafunguki kwa urahisi

ILICHUKUA siku tatu pekee kwa India kuufunga mlango ambao kampuni za poka ya mtandaoni zilikuwa zikiubisha kwa miaka mingi.

Mnamo Agosti 20, 2025, mswada wa kudhibiti michezo ya mtandaoni uliwasilishwa na kupitishwa siku iyo hiyo katika Lok Sabha, bunge la chini la taifa hilo. Siku iliyofuata ulipita katika bunge la juu, na Agosti 22 Rais akautia sahihi ukawa sheria. Kila mchezo wa mtandaoni unaochezwa kwa pesa ukapigwa marufuku, uwe wa bahati au wa ujuzi, na poka ikawa miongoni mwa michezo hiyo.

Anayeendesha biashara ya aina hiyo sasa anakabiliwa na kifungo cha hadi miaka mitatu au faini ya hadi rupia milioni 10. Benki nazo zimekatazwa kupitisha malipo yake. Mchezaji mwenyewe hakuwekewa adhabu; serikali ilisema inamwona kuwa mwathiriwa, wala si mhalifu.

Kwa wenye mitaji waliokuwa wakiikodolea macho nchi hiyo ya watu zaidi ya bilioni 1.4, pigo lilikuwa zito. Kwa muda mrefu India ndiyo iliyotajwa kila palipozungumzwa soko kubwa lijalo la poka. Ina vijana wengi, simu za bei nafuu, na sheria ya tangu mwaka wa 1867 iliyowaachilia waliocheza michezo ya ujuzi mtupu.

Kisa hicho kinazua swali linalofaa kutafakariwa hata huku kwetu. Je, mchezo huu, ambao umekwisha kuota mizizi Ulaya na Amerika, una nafasi gani ya kuenea katika nchi nyingine? Jibu si rahisi kama wanavyolitoa wauzaji wa hisa, na chanzo chake ni namna poka yenyewe inavyochezwa.

MEZA YA KUKODI

Poka huchezwa kwa karata 52. Katika aina inayopendwa zaidi, iitwayo Texas Hold'em, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano huwekwa wazi mezani kwa ajili ya wote. Katika kila hatua mchezaji huamua ama kuongeza dau, ama kufikia dau la wenzake, ama kujitoa. Mshindi ni yule mwenye karata bora, au yule aliyewatisha wenzake wakajitoa hata kama mkononi mwake hamna kitu.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya poka na gurudumu la kasino au ubashiri wa matokeo ya kandanda. Katika michezo hiyo mteja hushindana na kampuni, na hesabu imepangwa ili hatimaye kampuni ifaidi. Katika poka kampuni haichezi. Inakodisha meza, inagawa karata kwa kompyuta na kujikatia ada katika kitita kilicho mezani. Kwa kawaida ada hiyo haizidi asilimia 5 na huwekewa kikomo. Kwenye mashindano, ada hutozwa pamoja na kiingilio.

Kwa sababu hiyo, kampuni ya kubashiri mpira inaweza kufungua milango asubuhi ikiwa na mteja mmoja, na jioni ikafunga na faida yake. Kampuni ya poka yenye mteja mmoja haina biashara kabisa. Inahitaji watu wengi, wa viwango mbalimbali vya dau, saa zote za usiku na mchana. Ni kama soko la kijiji: wachuuzi hawaji pasipo wanunuzi, na wanunuzi hawaji pasipo wachuuzi.

Kuna jambo la pili ambalo wenye kampuni hawapendi kulitangaza. Wachezaji mahiri huishi kwa pesa za wanagenzi. Wanagenzi wakikauka mifuko au wakichoka kushindwa, mahiri hubaki wakitafunana wao kwa wao, huku ada ikiendelea kukatwa, hadi meza inakuwa tupu. Kwa hivyo masoko mapya si anasa kwa kampuni hizi. Ni chakula. Kila nchi inayofunguliwa huleta kundi jipya la wanagenzi, na hili ndilo linalozifanya kampuni hizo zisafiri mbali hivyo kutafuta leseni.

Mwandishi huyu haoni kwamba ukweli huo unaufanya mchezo wenyewe kuwa wizi. Hata chesi ya dau ina watu wake wa kula na wa kuliwa. Lakini ni vyema mtu ajue anaitwa mezani kama nani.

MIAKA YA NEEMA

Mchezo wa kwanza wa poka ya mtandaoni kwa pesa taslimu ulianza Januari 1998 katika tovuti ya Planet Poker. Wakati huo intaneti ilipitia nyaya za simu, na mara kwa mara ilikatika mtu akiwa katikati ya mkono wa karata.

Kampuni za PartyPoker na PokerStars zilianza mwaka wa 2001. Kilichozifanya zivume, hata hivyo, kilitokea Las Vegas miaka miwili baadaye. Mhasibu mmoja kutoka jimbo la Tennessee, Chris Moneymaker, alishinda tiketi ya ubingwa wa dunia wa poka kupitia shindano dogo la PokerStars. Alipofika Las Vegas aliwashinda wachezaji 838 na kuondoka na dola milioni 2.5. Naam, jina lake kweli ni Moneymaker.

Mwaka huo wa 2003 waliojiandikisha kwa shindano kuu walikuwa 839. Mwaka uliofuata wakawa 2,576, na kufikia 2006 walikuwa 8,773. Wengi wao walipata nafasi hiyo kupitia tovuti za poka. Kila karani wa Marekani mwenye kompyuta alijiona Moneymaker.

Juni 2005, PartyGaming, kampuni mama ya PartyPoker yenye makao yake Gibraltar, iliuza hisa zake katika Soko la Hisa la London kwa thamani ya karibu pauni bilioni 4.6. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa miongoni mwa kampuni 100 kubwa zaidi katika soko hilo. Jambo moja tu ndilo lililokuwa na kasoro. Sehemu kubwa ya mapato yake ilitoka Marekani, ambako serikali ilikuwa ikisema waziwazi kwamba biashara hiyo si halali.

Dhoruba haikuchelewa. Mwishoni mwa Septemba 2006, Bunge la Marekani lilipachika sheria ya kuzuia malipo ya kamari za mtandaoni ndani ya mswada wa usalama wa bandari, na Rais George W. Bush akautia sahihi Oktoba 13. Sheria hiyo haikumgusa mchezaji. Ilizilenga benki na kampuni za malipo.

Habari hizo zilipofika London Oktoba 2, hisa za PartyGaming zilipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake kwa siku moja. Kampuni hiyo ilijiondoa Marekani, na mnamo 2009 ikakubali kulipa dola milioni 105 ili isishtakiwe. Mmoja wa waasisi wake, Anurag Dikshit, mhandisi wa kompyuta aliyesomea India, alikuwa amekiri kosa mwishoni mwa 2008 na kukubali kutoa dola milioni 300.

Kampuni nyingine ziliamua kubaki. PokerStars, iliyokuwa na leseni ya kisiwa cha Isle of Man, na Full Tilt Poker, iliyokuwa na leseni ya kisiwa cha Alderney, zilirithi wateja walioachwa. Kwa miaka mitano zilivuna pasipo mpinzani.

PESA ZILIPOTOWEKA

Ijumaa ya Aprili 15, 2011, viongozi wa mashtaka wa New York waliwafungulia mashtaka waasisi wa PokerStars, Full Tilt na Absolute Poker, wakiwashutumu kwa ulaghai wa benki na utakatishaji wa fedha. Tovuti zao zilichukuliwa na dola. Aliyefungua tovuti hizo siku hiyo alikuta nembo ya Wizara ya Haki ya Marekani badala ya meza za karata.

Msomaji anayetaka kujua hatari halisi ya mchezo huu asitazame mashtaka, bali yaliyofuata. PokerStars ilikuwa imeziweka pesa za wachezaji kando na pesa za matumizi ya kampuni, na wateja wake wa Marekani walilipwa muda mfupi baadaye. Full Tilt haikuwa na cha kulipa.

Kwa mujibu wa stakabadhi za kiongozi wa mashtaka Preet Bharara, kufikia Machi 31, 2011 Full Tilt ilidaiwa na wachezaji wake kote duniani takriban dola milioni 390, ilhali benki ilikuwa na takriban dola milioni 60 pekee. Bharara aliuita mpango huo mchezo wa upatu wa kimataifa. Wachezaji waliona tarakimu kwenye akaunti zao, wakadhani ni pesa. Zilikuwa tarakimu tu.

Alderney, kisiwa kilichotoa leseni, kilikuja kuisimamisha mwishoni mwa Juni 2011, zaidi ya miezi miwili baada ya tovuti kuchukuliwa. Mwaka uliofuata PokerStars ilikubali kulipa dola milioni 731 ili kumaliza kesi na kuinunua Full Tilt, sehemu ya fedha hizo ikiwa ni ya kuwafidia wachezaji walio nje ya Marekani. Wale wa Marekani walianza kupata pesa zao Februari 2014, karibu miaka mitatu baada ya Ijumaa hiyo.

Hii haikuwa aibu ya kwanza. Kati ya 2007 na 2008 iligunduliwa kwamba katika tovuti za Absolute Poker na UltimateBet kulikuwa na akaunti zilizoweza kuziona karata za siri za wachezaji wengine. Wachezaji wenyewe ndio waliogundua, kwa kuchambua kumbukumbu za michezo na kuona mtu asiyekosea kamwe. Mdhibiti wa Kahnawake, eneo la Wamohawk karibu na Montreal, Kanada, alizitoza faini ya dola 500,000 na dola milioni 1.5 mtawalia.

Ukiyaweka pamoja matukio hayo unaelewa ni kwa nini serikali nyingi zilikataa kuamini leseni ya kisiwa cha mbali. Kila moja ilitaka kumdhibiti mchezaji wake yenyewe. Na ni uamuzi huo, wenye busara kwa upande mmoja, ulioikaba poka koo.

KUTA ZA ULAYA

Italia iliruhusu mashindano ya poka mtandaoni mwaka wa 2008 na meza za pesa taslimu 2011. Ufaransa ilipitisha sheria yake Mei 12, 2010. Uhispania ilitunga sheria 2011 na kutoa leseni Juni 2012. Ureno ilifuata 2015, ingawa leseni ya kwanza ya poka ilitolewa mwishoni mwa 2016.

Kote huko masharti yalifanana. Kampuni ipate leseni ya nchi husika, ilipe kodi huko, na mchezaji acheze na wananchi wenzake pekee. Mfaransa hakuweza kuketi meza moja na Mhispania hata kama kompyuta zao zilitenganishwa na milima ya Pyrenees tu. Nchini Ufaransa kodi ilikatwa kwenye dau lenyewe badala ya faida ya kampuni, jambo lililozilazimu kampuni kuongeza ada.

Matokeo yake yangeweza kutabiriwa na mchuuzi yeyote. Meza zilipungua, zawadi za mashindano zikawa ndogo, na mahiri wakahamia nchi zisizo na kuta, London na Malta zikiwa vituo vyao. Kampuni kadhaa zilirudisha leseni zao. Soko jipya lilikuwa limefunguliwa kisheria, lakini lilikuwa likidhoofika mwaka baada ya mwaka.

Ilibidi wadhibiti wa nchi hizo nne wakutane Roma, Julai 2017, na kutia sahihi mkataba wa kuwachanganya wachezaji wao. Ufaransa na Uhispania zilianza Januari 2018, Ureno ikajiunga katikati ya mwaka huo. Italia, iliyokuwa mwenyeji wa hafla ya kutia sahihi, haikuanza pamoja na wenzake. Siasa za ndani zilimeza mpango huo.

Mkataba huo, kwa maoni ya mwandishi huyu, ndio tukio muhimu zaidi katika historia ya upanuzi wa poka ya mtandaoni baada ya ushindi wa Moneymaker, ijapokuwa haukupewa hata robo ya uvumi. Ulikuwa ungamo la serikali kwamba mchezo huu hauwezi kuishi ndani ya ua mmoja.

Marekani ilijifunza somo hilo kwa njia yake. Baada ya 2011 kila jimbo lilijiamulia. Nevada ilianza Aprili 2013, Delaware na New Jersey Novemba mwaka huo. Delaware ina wakazi takriban milioni moja, na ni dhahiri kwamba watu wa kucheza poka saa tisa usiku hawangetosha. Februari 2014 magavana wa Nevada na Delaware walitia sahihi mkataba wa kuchanganya wachezaji. New Jersey ikajiunga 2017, Michigan 2022, West Virginia 2023 na Pennsylvania 2025. Majimbo sita kati ya 50, kwa zaidi ya miaka kumi. Mwendo huo ni wa kobe, ila unaelekea mbele.

Wenye pesa, hata hivyo, hawakukata tamaa. Mwaka wa 2014 kampuni ya Amaya ya Kanada iliinunua PokerStars kwa dola bilioni 4.9, na mnamo 2020 ikamilikiwa na Flutter. PartyPoker nayo, baada ya kuungana na bwin mwaka wa 2011, iliishia mikononi mwa kampuni ambayo leo inaitwa Entain. Katika kampuni hizo mbili kubwa, poka sasa ni chumba kidogo katika nyumba ambayo sebule yake ni ubashiri wa michezo na kasino. Hilo pekee linaeleza mengi kuhusu mahali faida ilipo.

MILANGO ILIYOFUNGWA

Nchi nyingine zimeamua kwamba heri kutokuwa na soko kabisa. Australia, ambayo watu wake wamezoea kamari kuliko mataifa mengi, ilirekebisha sheria yake 2017, na Septemba mwaka huo PokerStars ikawaaga wateja wake huko. China ilizifungia programu za poka za simu mwaka wa 2018, zikiwemo zile za kujifurahisha tu pasipo pesa.

Ujerumani ilifungua mlango Julai 1, 2021, kisha ikaweka vizuizi kizingitini. Mchezaji haruhusiwi kuweka zaidi ya euro 1,000 kwa mwezi katika kampuni zote kwa jumla, ila kwa idhini maalum, na kila dau la poka linakatwa kodi ya asilimia 5.3. Uholanzi ilifungua Oktoba 1, 2021. Uingereza, iliyoonekana kuwa kimbilio, ilitangaza katika bajeti ya Novemba 2025 kwamba ushuru wa michezo ya kamari ya mtandaoni ungepanda kutoka asilimia 21 hadi 40 kuanzia Aprili 2026.

India nayo haikuanza na marufuku. Kuanzia Oktoba 1, 2023 ilikuwa ikitoza kodi ya asilimia 28 kwenye pesa zote ambazo mchezaji anaweka, si kwenye ada ya kampuni. Biashara inayoishi kwa ada ya asilimia 5 itabebaje mzigo wa aina hiyo? Kwa maoni ya mwandishi huyu, marufuku ya 2025 ilimzika mgonjwa aliyekuwa kitandani tayari.

Brazil ni kisa tofauti. Ina wachezaji mahiri wengi, na soko lake lenye leseni lilianza Januari 1, 2025. Lakini sheria yake ya Desemba 2023 iliandikwa kwa ajili ya kamari ambayo mteja hujua tangu mwanzo atalipwa kiasi gani akishinda. Katika poka hakuna ajuaye kitita kitafika wapi, na hakuna kampuni inayomlipa mshindi kutoka mfukoni mwake. Poka imekaa kando ya sheria hiyo, haikukaribishwa wala haikufukuzwa.

MCHEZO UNACHEZWA WAPI?

Nyuma ya haya yote kuna swali la kisheria lenye mvuto wake. Mtu akiwa Johannesburg anacheza kwenye kompyuta iliyoko nchi jirani, mchezo unachezewa wapi?

Swali hilo lilijibiwa hapa barani Afrika. Kasino ya Piggs Peak iliyokuwa Swaziland, nchi ambayo leo ni Eswatini, ilikuwa na leseni halali ya kwao na ikawahudumia wateja wa Afrika Kusini kupitia intaneti. Ilidai kwamba mchezo unafanyika Swaziland ilipo kompyuta, hivyo sheria za Afrika Kusini haziihusu. Mahakama Kuu ya Pretoria iliikatalia mwaka wa 2010, na Mahakama ya Juu ya Rufaa ikaunga mkono uamuzi huo Septemba 2011: mchezo unachezewa pale alipoketi mchezaji.

Antigua na Barbuda ilijaribu njia nyingine. Mwaka wa 2003 kisiwa hicho kiliishtaki Marekani kwa Shirika la Biashara Duniani, WTO, kwa kuwazuia wateja wake. Kilishinda. Kilikuwa kimedai fidia ya dola bilioni 3.44 kwa mwaka; wasuluhishi wakakipa haki ya kufidiwa dola milioni 21 kwa mwaka, Desemba 2007. Miaka mingi baadaye Antigua ilikuwa ingali ikilalamika kwamba haijalipwa ipasavyo. Dagaa alishinda kesi dhidi ya nyangumi, akabaki na hati ya ushindi.

Tangu hapo hakuna kampuni yenye akili timamu inayotegemea hoja kwamba leseni ya kisiwa kimoja ni pasi ya kuingia dunia nzima.

Nchini Kenya, kamari ilisimamiwa na sheria ya mwaka wa 1966 hadi Agosti 2025, Sheria ya Kudhibiti Kamari ilipotiwa sahihi na kuunda mamlaka mpya ya kuisimamia. Sheria ya zamani iliandikwa wakati kamari ilihitaji jengo, meza na bawabu. M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007, ilileta njia ya malipo ambayo kampuni za poka Ulaya zingeionea wivu. Lakini waliofaidi ni wa ubashiri wa kandanda, si wa poka.

Sababu si ngumu kuziona. Mkenya anaijua Arsenal kabla hajajua kusoma, ilhali poka atafundishwa. Mkeka wa mechi unaandikwa kwa dakika mbili na shilingi chache, kisha mtu anaendelea na shughuli zake. Meza ya poka inamtaka aketi saa nzima, na mashindano humchukua usiku kucha, bando zikiisha. Juu ya yote, anayeanza leo atakutana mezani na watu wa Sao Paulo na Bucharest ambao hiyo ndiyo kazi yao ya kila siku.

Wapo Wakenya wanaocheza katika tovuti za ng'ambo, na wanapaswa kukumbuka hesabu za Full Tilt. Jambo la kuuliza kabla ya kuweka hata dola kumi si ukubwa wa zawadi. Ni je, pesa za wachezaji zinawekwa katika akaunti ya kando? Mdhibiti ni nani, na je, anaweza kushtakiwa au hata kuandikiwa barua kutoka Nairobi?

Kuna tishio jingine lisilohusu serikali. Mwaka wa 2017 programu ya Libratus ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon iliwashinda mahiri wanne, mmoja mmoja. Mnamo 2019 mrithi wake, Pluribus, iliyoundwa pamoja na watafiti wa Facebook, iliwashinda mahiri katika meza ya watu sita. Kampuni zote kubwa zinapiga marufuku matumizi ya programu kama hizo na zina vikosi vya kuzisaka. Hata hivyo, mnagenzi wa soko jipya hana njia ya kujua kama aliye upande wa pili ni binadamu. Shaka hiyo peke yake inatosha kumfukuza, na bila yeye, kama tulivyoona, meza haina uhai.

Kwa hivyo nafasi ya upanuzi ipo, ila ni finyu kuliko inavyohubiriwa. Iko katika majimbo ya Marekani ambayo hayajajiunga na mkataba, katika uwezekano wa nchi zaidi za Ulaya kuchanganya meza, na katika Amerika Kusini iwapo sheria zitaitambua poka kwa jinsi ilivyo. Nchi moja kubwa yenye kuta, kama Ufaransa, inaweza kuuweka mchezo hai kwa shida. Nchi ndogo yenye kuta haiwezi.

Afrika Mashariki imo katika kundi hilo la pili. Jumuiya ina wanachama wanane, kila mmoja na sheria zake za kamari na viwango vyake vya kodi, na hakuna mkataba wa kuchanganya wachezaji baina yao. Iwapo kampuni ingepata leseni leo kwa masharti waliyoanza nayo Wafaransa, mkazi wa Busia upande wa Kenya angeketi meza moja, na jirani yake aliye Busia upande wa Uganda, umbali wa kutupa jiwe, angeketi nyingine.